Kwenda Toronto kupitia London, Amsterdam au Addis: mimi na wifi yangu tunahitaji viza ya njiani?

Mama Zuena, Ujiji

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada kwa wenye kujua, maana hapa nyumbani kila mtu ana jibu lake na tiketi inatakiwa kulipiwa kabla ya Ijumaa.

Binti yangu yuko Toronto, amejifungua salama, na anatuomba tukamsaidie kulea miezi hii ya mwanzo. Tunasafiri wawili: mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mimi nina pasipoti ya Tanzania. Wifi ni mzaliwa wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na ana pasipoti ya Kongo ya Kinshasa, ingawa anaishi hapa Ujiji kwa kibali. Viza za Kanada tumepata wote wawili, zimebandikwa kwenye pasipoti. Kwa hiyo huko tuendako sina hofu. Hofu yangu iko njiani.

Mpwa wangu amekaa na simu usiku kucha akaniletea njia tatu. Ya kwanza ni Dar, Amsterdam, Toronto, tiketi moja, na ndiyo ghali. Ya pili ni Dar, Istanbul, London, kisha London hadi Toronto kwa shirika jingine. Hizo ni tiketi mbili mbalimbali, na ni nafuu kuliko zote. Kwa watu wawili tofauti inakaribia milioni moja na nusu, na kwa mtu anayeuza mawese sokoni hiyo ni mtaji. Tunafika London jioni, tunaondoka asubuhi yake. Ya tatu ni Dar, Addis Ababa, Toronto, tiketi moja, bei ya katikati, ila wakati wa kurudi tunakaa Addis saa kumi na nne.

Mpwa anasema, "Shangazi, hamtoki nje ya uwanja, viza ya nini?" Jirani yangu anasema kila nchi unayokanyaga inadai viza. Wakala mmoja wa hapa mjini ameniambia London wanataka, mwingine akasema hawataki. Nimsikilize nani? Na je, pasipoti ya wifi inabadili jambo? Sitaki tufike kaunta pale Dar mmoja aambiwe apite na mwingine arudi. Yeye Kiingereza hajui kabisa, ana Kiswahili na Kifaransa kidogo, siwezi kumwacha nyuma hata kwa siku moja.

Halafu, samahani kwa swali hili dogo, tunabeba dagaa wakavu na chupa za mawese. Mtoto ameomba ladha ya nyumbani. Natanguliza shukrani.

Kijana wa Isevya, Tabora

Shikamoo mama, hongera sana kwa mjukuu.

Mimi sijui mambo ya London, ila hizo tiketi mbili zikimbie. Nilikuwa naenda Guangzhou kuchukua mzigo wa vifaa vya simu. Aliyeniuzia tiketi alinipangia Dar hadi Dubai kwa shirika moja, Dubai hadi Guangzhou kwa jingine, akaniambia nitabadilisha ndege palepale ndani, hakuna shida. Viza ya China nilikuwa nayo mkononi. Kaunta ya Dar yule dada akaangalia skrini, akaniuliza: begi lako linaishia Dubai, utalichukuaje? Kulichukua lazima upite uhamiaji wa Dubai, na kupita uhamiaji unahitaji viza. Iko wapi?

Sikuwa nayo. Nimetoka Tabora na treni, nimelala Dar kwa ndugu, na watu wa mzigo wananisubiri kule. Ile ndege iliondoka bila mimi, na kubadili tarehe nikalipia mwenyewe. Baadaye ndipo nikajua kwamba Dubai ipo viza ya kupita ya saa 48 isiyo na malipo, na nyingine ya saa 96 kwa dirham 50, lakini inaombwa mapema kupitia shirika la ndege la kule kwao. Hufiki na kuiokota mlangoni. Na shirika linakuombea kama umesafiri nalo. Ukija na tiketi za vipande vipande kila mmoja anakwambia nenda kwa mwenzake.

Hiyo milioni na nusu ni pesa nyingi, naielewa. Ila begi likiishia katikati ya njia, viza inaanza kudaiwa hapohapo.

Wa Kaunta, Mwanga, Kigoma

Shikamoo mama yangu. Mungu amkuze mtoto.

Mimi nakata tiketi hapa Mwanga, na kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa nasimama kaunta ya kupokea abiria uwanja wa Julius Nyerere. Nimewaona wengi waliorudishwa pale mbele yangu, wakiwa na viza halali ya nchi waendayo, kwa sababu ya nchi waliyokuwa wanaipitia tu. Inaniuma kila nikikumbuka, kwa kuwa karibu wote wangeweza kuambiwa mapema. Kwa hiyo nisamehe nikiandika kirefu.

Mpwa wako na jirani yako wote wameshika nusu ya jambo. Uwanja mkubwa wa kimataifa una ukumbi ambao abiria anabadilisha ndege kabla hajafika kwa afisa uhamiaji. Ukiwa humo, kwa sheria hujaingia nchi ile. Nchi nyingi zinakuacha ukae humo bila viza. Lakini zipo zinazodai viza hata ya kukaa humo, kwa pasipoti za nchi fulani walizoziorodhesha. Na zipo ambazo ukumbi huo hazina kabisa. Marekani ndiyo mfano mkubwa: hata kama ndege yako ya pili inaondoka baada ya saa mbili, unapita uhamiaji, unachukua begi, unalikabidhi upya. Zamani walikuwa na utaratibu wa kupita bila viza, wakausitisha Agosti 2003. Mpwa akikuletea njia ya nne yenye New York, kataa bila kuuliza bei. Inataka viza ya kupita njiani, wanayoiita C-1, ambayo ina fomu yake, ada yake na mahojiano yake ubalozini.

Kwa hiyo ukisema "sitoki nje ya uwanja" hujajibiwa bado. Vitu vinne ndivyo vinavyoamua: pasipoti uliyoshika, nchi unayoipitia, tiketi ni moja au mbili, na viza gani nyingine unayo tayari. Umevitaja vyote vinne, ndiyo maana unaweza kupata jibu la uhakika. Mawakala wale wawili nadhani kila mmoja alijibu kwa kuuliza kimoja.

Sasa njia moja moja.

Amsterdam. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Uholanzi yenye Amsterdam ikiwemo, zina Kanuni ya Viza ya mwaka 2009, na ndani yake iko orodha ya nchi 12 ambazo raia wake wanatakiwa kuwa na viza ya uwanja hata kama hawatoki ukumbini. Tanzania haimo. Kongo ya Kinshasa imo, pamoja na Ethiopia, Eritrea, Somalia, Nigeria, Ghana na nyinginezo. Watu wa huku kwetu wanasema siku hizi Kongo iko Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mambo ni sawa. Ni kweli iliingia 2022, ila kwa orodha ya Ulaya hilo halibadili kitu. Kwa jinsi hiyo, wewe ungepita na wifi angezuiwa, isipokuwa kwa jambo moja: kanuni hiyohiyo inamsamehe mtu mwenye viza halali ya Kanada, Marekani au Japani. Wifi ana ya Kanada. Amesamehewa. Na wakati wa kurudi vilevile amesamehewa, maana kanuni inamtaja pia anayerudi kutoka nchi hizo baada ya kuitumia viza yake. Viza yake isingekuwepo, angelazimika kuomba viza ya uwanja, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, sawasawa na ya kuingia.

Tahadhari ya njia hii: iwe uwanja mmoja tu wa Schengen. Wakikupangia Amsterdam, halafu Frankfurt ya Ujerumani, halafu Toronto, ule mwendo wa Amsterdam hadi Frankfurt unahesabiwa kama safari ya ndani. Mnapita uhamiaji Amsterdam, na hapo mnahitaji viza kamili ya Schengen wote wawili, Mtanzania na Mkongo. Kwenye simu njia hizi zinaonekana kama ndugu, na mara nyingi yenye vituo viwili ndiyo ya bei nafuu.

London. Hapa nakuomba usome taratibu, maana ndipo penye mgogoro wako. Uingereza ina orodha yake, na hiyo Tanzania imo. Kongo imo. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo. Raia wa nchi hizi anatakiwa kuwa na viza ya kupita ukumbini hata kama haonani na afisa uhamiaji. Kwa hiyo aliyekwambia "London wanataka" hakukosea. Lakini nao wana msamaha: mwenye viza halali ya Kanada, Marekani, Australia au New Zealand hadaiwi hiyo ya ukumbini. Aliyekwambia "hawataki" huenda alikuwa anaifikiria viza yenu ya Kanada.

Tatizo ni kwamba njia mliyopangiwa haipiti ukumbini. Tiketi ni mbili, kwa hiyo begi linaishia London. Tena nakuomba uangalie jina la uwanja kwenye kila tiketi, maana London ina viwanja kadhaa. Ndege za kutoka Istanbul nyingine zinashukia Gatwick, na za Toronto nyingi zinaondokea Heathrow. Kati ya viwili hivyo ni safari ya barabara ya saa moja na zaidi. Kwa vyovyote vile mtasimama mbele ya afisa uhamiaji wa Uingereza jioni ile, na mtalala ndani ya nchi yake.

Je, inawezekana bila viza? Upo utaratibu wa kupita bila viza kwa mwenye viza ya Kanada anayekwenda Kanada, mradi amefika kwa ndege, anaondoka kwa ndege kabla ya usiku wa manane wa siku inayofuata, na ana tiketi iliyothibitishwa. Kwenye karatasi mnatimiza. Ila uamuzi wa mwisho ni wa yule afisa mliyesimama mbele yake, na kabla yake ni wa mtu wa kaunta Dar. Mtu wa kaunta akiona tiketi mbili, mashirika mawili na pengine viwanja viwili, hana sababu ya kujiingiza kwenye hatari hiyo.

Nieleze na hili, maana watu hudhani wanaonewa. Shirika la ndege likimbeba abiria asiye na hati sahihi linatozwa faini na nchi aliyofikishwa, tena linamrudisha kwa gharama zake. Kwa Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2001 linataka faini za maelfu ya euro kwa kila abiria mmoja. Ndiyo maana ukaguzi mkali unafanyika Dar na wala si Amsterdam. Mtu wa kaunta anasoma mfumo unaoitwa Timatic, wa shirikisho la mashirika ya ndege, IATA. Anaingiza pasipoti yako, unakopita na unakoenda, na mfumo unamwambia cha kudai. Yeye hana ruhusa ya kukuonea huruma dhidi ya maandishi yale. Nilikuwa hapo, najua uzito wake.

Addis Ababa. Kwenda, mnabadilisha ndege ndani ya ukumbi, tiketi moja, begi linaandikwa Toronto tangu Dar. Hakuna viza ya njiani, si kwako si kwa wifi. Kwa wazazi wawili wa umri wenu, mmoja hajui Kiingereza, hii ndiyo ningewakatia ndugu zangu. Kurudi kuna hizo saa kumi na nne, nitazisema ukitaka.

Mawese: chupa zikae kwenye begi kubwa. Chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti ukaguzi wa mkononi, na kwenye kubadilisha ndege mnakaguliwa tena, kwa hiyo hata mkipenya Dar yatabaki njiani. Fungeni kifuniko kwa plasta na mfuko mara mbili. Dagaa wafungwe kavu kabisa, na mkifika Toronto mtangaze kwa watu wa forodha kwamba mna chakula. Anayetangaza anakaguliwa tu. Anayeficha ndiye anayepigwa faini.

Bahati wa Kasulu

Kaka umeeleza vizuri, lakini kuna kitu sikielewi. Mdogo wangu alipita London Heathrow akienda Marekani kusoma, pasipoti ya Tanzania, na hakuulizwa viza ya Uingereza mahali popote. Sasa hiyo orodha unayosema Tanzania imo, mbona yeye alipita? Au imebadilika?

Wa Kaunta, Mwanga, Kigoma

Ahsante kwa kuuliza, Bahati, maana mfano kama wa mdogo wako ndio unaozunguka mitaani ukawaponza wengine. Alikuwa na viza ya mwanafunzi ya Marekani. Viza ya Marekani iko kwenye ule msamaha niliousema. Na bila shaka tiketi yake ilikuwa moja, begi likaenda moja kwa moja, yeye akapanda basi la ndani kutoka jengo moja hadi jingine bila kukutana na uhamiaji.

Mchukue Mtanzania mwingine, tuseme anakwenda Brazil au Jamaika, hana viza ya nchi yoyote kati ya zile nne. Akae kiti kilekile, apite ukumbi uleule, saa ileile. Huyo anatakiwa viza ya kupita, na asipokuwa nayo hapandi ndege Dar. Wote wawili watasimulia kweli tupu na hadithi zao zitapingana. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nilipita", muulize kwanza alikuwa ameshika nini mkononi na alikuwa anakwenda wapi.

Mama Zuena, Ujiji

Marahaba wanangu, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nimemsomea wifi yote, akaniuliza mara mbili kuhusu ile orodha ya Ulaya, akasema basi miaka yote kule Kalemie wanaambiwa tu "Ulaya hawataki Wakongo" bila mtu kueleza kwamba kuna msamaha. Hilo limemgusa sana, na mimi pia.

Nimeangalia tiketi ya London kama ulivyosema. Kushuka ni Gatwick, kuondoka ni Heathrow. Mpwa mwenyewe hakuwa ameliona. Tumeiacha.

Tumeamua Addis. Sasa nisaidie hizo saa kumi na nne za kurudi. Mpwa anasema shirika linatoa hoteli bure. Ni kweli? Na tukitoka kwenda hotelini si ndiyo tunaingia nchi yao, viza itakuwaje? Swali la mwisho: kutoka Kigoma hadi Dar tumepanga ndege ya asubuhi siku hiyohiyo ya safari, ya kimataifa inaondoka alasiri. Inatosha?

Wa Kaunta, Mwanga, Kigoma

Mama, uamuzi mzuri.

Hoteli ni kweli. Shirika la Ethiopian hutoa hoteli kwa abiria wa tiketi moja anayesubiri kwa muda wa saa nane hadi ishirini na nne, pale ambapo hakuna ndege ya mapema zaidi ya kumfikisha anakokwenda. Lakini umeuliza jambo la maana: kwenda hotelini ni kupita uhamiaji wa Ethiopia. Shirika ndilo linaloshughulikia ruhusa hiyo kwa abiria wake. Kwa hiyo siku ya kulipia tiketi uliza kwa pasipoti zote mbili, ya Tanzania na ya Kongo, upewe jibu kwa maandishi kwenye barua pepe. Jibu la wifi likiwa na utata wowote, kaeni ukumbini wote wawili. Chukueni kanga ya kujifunika na dawa zenu ziwe mkoba wa mkononi, begi kubwa hamtaliona hadi Dar. Msigawanyike, mmoja hotelini na mwingine ukumbini, hasa kwa kuwa yeye lugha inamsumbua.

Ndege ya Kigoma ya siku hiyohiyo: hapana. Naomba unisikilize kwenye hili kuliko yote niliyoandika. Hiyo nayo ni tiketi ya pili, mashirika mawili, yaani hali ileile ya London, ila iko nyumbani kwenu kwa hiyo haidai viza. Begi linaishia Dar, mnalichukua, mnatoka jengo la pili la safari za ndani, mnakwenda jengo la tatu la safari za nje, mnaanza upya. Ndege ya Kigoma ikichelewa, au ikipitia Tabora, au hali ya hewa ikiwa mbaya, ile ya Addis haiwasubiri na hakuna anayewajibika kuwalipa. Ondokeni siku moja kabla. Kama mna muda zaidi, treni ya reli ya kati nayo ipo, ila kwa zaidi ya kilomita 1,200 na magoti ya wazazi mimi ningewaombea ndege.

Kaunta Dar, msimame pamoja na mkabidhi pasipoti zote mbili kwa wakati mmoja. Pasipoti ya wifi waifungue ukurasa wa viza ya Kanada mapema. Hakikisha lebo ya kila begi imeandikwa YYZ, hiyo ndiyo alama ya uwanja mkuu wa Toronto. Ikiandikwa ADD peke yake, ambayo ni alama ya Addis, usiondoke kaunta, waambie wairekebishe. Na mdai pasi mbili za kupandia kila mmoja, ya Dar hadi Addis na ya Addis hadi Toronto, mzishike kabla hamjaingia ndani.

Nesi wa Kibondo

Nimesoma kimyakimya, naongeza moja ambalo halijatajwa na linahusu safari ya kurudi.

Tanzania inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, na pia kwa aliyepita uwanja wa nchi hiyo akakaa zaidi ya saa 12. Ethiopia ni mojawapo. Nyinyi mnakaa saa kumi na nne, kwa hiyo mkirudi Dar afisa wa afya ana haki ya kuwauliza ile kadi ya njano. Haijalishi kwamba hamkutoka ukumbini. Wifi bila shaka anayo, maana anavuka kwenda Kalemie. Wewe mama, kama huna, kachanjwe sasa, usingoje wiki ya safari: chanjo inahesabika halali kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa. Na kama ulichanjwa zamani na kadi ipo, hata ikiwa imeandikwa miaka kumi, bado inafaa. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha yote.

Kwa umri wenu mweleze daktari magonjwa mliyonayo kabla ya kuchomwa, hasa mtu akiwa amevuka miaka 60 na ndiyo mara yake ya kwanza. Daktari akiona haifai, anaandika cheti cha msamaha wa kitabibu, kwa Kiingereza au Kifaransa, chenye saini na mhuri. Hicho nacho kibebwe mkononi pamoja na pasipoti.

Mama Zuena, Ujiji

Kadi ya wifi ipo, tumeitoa sandukuni sasa hivi, ni ya mwaka 2011, kumbe bado nzima. Mimi sina, na miaka 60 nimeshaipita. Kesho asubuhi nakwenda kumwona daktari kwanza, kisha nakuja hapo Mwanga kulipia. Mwanangu wa kaunta, nielekeze ofisi yako ni upande gani ukitoka stendi, na unipangie ndege ya Kigoma ya siku moja kabla. Dar tutalala Mbagala kwa mdogo wangu, nimeshampigia.

Wa Kaunta, Mwanga, Kigoma

Karibu sana mama. Nimekutumia maelekezo kwenye ujumbe wa faragha. Njoo na pasipoti zote mbili, si picha kwenye simu. Nataka nione tarehe za viza na mwisho wa kila pasipoti kwa macho yangu kabla sijapokea hela yako. Mbagala ni mbali kidogo na uwanja na foleni ya asubuhi unaijua, kwa hiyo mwambie mdogo wako aandae gari mapema, mfike jengo la tatu saa nne kabla ya kuruka.